Damu Isiyokata Dawa

Fundi wa majokofu aliyeitwa Barafu alikuwa na ngiri kwa miaka, na mtaa mzima ulijua. Ngiri ya kinena haifichiki kwa mtu ambaye kazi yake ni kuinua majokofu. Kila alipoliweka moja chini aligeukia ukutani, akajibonyeza kwa kiganja, kisha akarudi kazini kana kwamba amefunga kifungo cha shati. Wateja walimtania kwamba wako watu wanaofuga kuku na wako wanaofuga ngiri, na kwamba iko siku mnyama atatoka mbio mbele za watu. Yeye alicheka nao. Jina la Barafu hakulipata kwa sababu ya kazi peke yake. Alikuwa mtu asiyepandisha sauti. Ukimuudhi hakugomba, alinyamaza tu, na ubaridi wake uliweza kukaa miaka.

Mkewe, mpishi wa shule ya chekechea, alikuwa amechoka kumwambia aende akashonwe. Ni upasuaji mdogo, alimwambia, watu wanaingia na kutoka. Barafu alijibu kwamba atakwenda, kwa sauti ile ile ambayo wengine hutumia kukataa.

Sababu ilijulikana. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa seremala. Alianguka kutoka darini akavunjika mkono, akapelekwa hospitali kuungwa mfupa. Aliingia chumba cha upasuaji anapiga soga na aliyesukuma kitanda chake, akatolewa amefunikwa shuka. Familia iliambiwa kwamba moyo wake haukustahimili usingizi, basi. Barafu alikuwa bado mtoto wa shule. Tangu siku hiyo mama yake akawa na msemo mmoja: kwetu hatulazwi.

Miaka mingi baadaye mama huyo, ambaye sasa alikuwa anaishi kwa Barafu, alipata ugonjwa wa utumbo kujisokota. Madaktari walitaka kumpasua siku ile ile. Alikataa. Dada yake Barafu, mkubwa kwake na ndugu yake pekee, alimbembeleza mama, akalia, akagomba. Barafu alisimama upande wa mama. Alisema mwenye mwili ndiye mwenye neno, akamrudisha nyumbani, na mama akafa kabla wiki haijaisha.

Walipotoka kuzika, dada alimwambia mbele ya wakwe na majirani, "Mama hakufa kwa ugonjwa. Amekufa kwa uoga wako."

Barafu hakujibu. Hakujibu siku hiyo wala zilizofuata. Waliishi mji mmoja, soko moja likiwa katikati yao, na hawakusemeshana tena. Mkewe na wifi yake waliendelea kupigiana simu kwa siri ambayo haikuwa siri. Barafu aliijua, akajifanya kiziwi.

*

Siku ngiri ilipotoka mbio kweli, alikuwa buchani, anaegemea friza kubwa ili aligeuze na kuufikia mtambo wake wa nyuma. Alisikia kitu kinashuka. Akageukia ukutani kama kawaida, akabonyeza, hakikurudi. Kilikuwa kigumu kama ngumi. Muda si mrefu akaanza kutapika, na alitapika mpaka hakubaki na kitu. Mwenye bucha alimpakia kwenye gari la nyama akampeleka hospitali.

Daktari wa upasuaji, kijana mrefu mwenye haraka, aliwaeleza yeye na mkewe kwamba utumbo umenasa kwenye tundu la ngiri na damu haipiti. Wakisubiri, utaoza. Mkewe alimtazama Barafu, kwa kuwa alijua uzito wa jambo lenyewe. Barafu alitazama dari. Mtu yule yule aliyesema mama yake asiguswe sasa alisema, "Wanipasue." Baadaye alipenda kusema kwamba maumivu hayana msimamo.

Aliyepewa kumlaza usingizi alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Hospitali nzima ilimwita Mama wa Usingizi. Alimuuliza maswali ambayo humuuliza kila mgonjwa, na mojawapo lilikuwa kama yupo mtu katika ukoo wao aliyewahi kupata shida kwenye usingizi wa upasuaji. Barafu alilisikia vizuri. Aliwaza kwamba akimtaja mjomba watamrudisha nyumbani na maumivu yake. Akasema hakuna.

Kabla ya upasuaji wa namna hiyo mgonjwa huchomwa dawa mbili. Ya kwanza humlaza. Ya pili hulegeza misuli yote ya mwili, pamoja na ile ya kuvutia pumzi, ili mpira wa hewa upite kooni bila kupingwa. Dawa hiyo ya pili hupendwa kwa sababu haikai. Kwa watu karibu wote nguvu yake huisha kabla ya maji ya chai kuchemka, na mgonjwa huwa tayari kupumua mwenyewe, ila usingizi tu ndio unaomshikilia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Utumbo ulikutwa bado mzima, ukarudishwa mahali pake, tundu likashonwa. Daktari kijana alitoka kwenda kunawa. Mama wa Usingizi alifunga dawa ya kulaza akangoja pumzi ya kwanza. Haikuja. Akangoja tena. Alimfinya kidole, akamfunua kope, akamgusa kwenye nyusi. Mtu yule alikuwa amelegea kama nguo iliyoloweshwa.

Barafu alikuwa ameamka.

Alisikia vyombo vya chuma vinawekwa kwenye sinia, na ndoo inaburutwa sakafuni. Alisikia koo limejaa. Akataka kufumbua jicho, kope halikumtii. Akataka kuinua kidole, kidole hakikuwepo. Akataka kuvuta pumzi, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: kifua chake kilipanda na kushuka bila yeye, kwa mwendo ambao si wake. Aliwaza kwamba haya ndiyo mauti, na kwamba mjomba alipita njia hii hii.

Msaidizi mmoja aliuliza kama mke wa mgonjwa aitwe aandaliwe.

"Aandaliwe kwa lipi?" ilisema sauti ya Mama wa Usingizi. "Tazama moyo unavyokwenda mbio. Maiti haogopi."

Kisha sauti hiyo ilishuka mpaka sikioni kwake. "Baba, kama unanisikia, sikiliza. Ile dawa ya kulegeza haijaisha mwilini mwako. Hujafa. Mimi ndiye ninayekupumulia, na siondoki hapa. Sasa nakulaza tena."

Akalala.

Vyumba vyote viwili vya upasuaji vilitumia mashine moja ya kupumulia, na katika chumba cha pili kulikuwa na mama wa kupasuliwa ili mtoto atoke. Mashine ilihamishwa. Mama wa Usingizi alishika mfuko wa mpira akaendelea kwa mkono: anabana, anaachia, anabana, anaachia. Daktari kijana alirudi akampokea ili anyooshe vidole, kisha akampokea tena alipokwenda kunywa maji. Mke wa Barafu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje, aliambiwa ukweli, kwamba mumewe hawezi kupumua kwa sasa na kwamba wanampumulia. Aliuliza mpaka lini. Wakasema mpaka aweze. Aliketi hapo, kanga yake ameikunja mapajani, na jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine.

Alasiri kidole gumba kilicheza. Baadaye paji la uso lilijikunja. Mama wa Usingizi hakuondoa mpira mpaka mgonjwa alipoweza kuinua kichwa na kukishikilia, na alipouondoa, Barafu alikohoa kama mtu aliyepaliwa na maji ya mto mzima.

*

Kesho yake Mama wa Usingizi alikuja wodini, akavuta kiti.

Alimweleza kwamba kwenye damu ya watu kuna kimeng'enya, kitu kidogo ambacho kazi yake moja ni kuikata ile dawa vipande vipande mpaka isiwe na nguvu. Wako watu wachache wanaozaliwa na kimeng'enya kisichoweza kuikata. Hawaumwi, hawajui, wanazeeka bila kujua, mpaka siku watakapochomwa dawa hiyo.

"Kama mkasi," alisema. "Wa wengine unakata. Wako ni butu."

"Nimeubutua kwa kitu gani?" Barafu aliuliza. Sauti ilikuwa imekauka.

"Hujaubutua. Umezaliwa nao hivyo. Mtu hupewa sehemu moja na baba yake, nyingine na mama yake. Akipewa moja nzima, inatosha. Wewe nadhani hukupewa hata moja. Tutapima damu tuone."

Hapo ndipo Barafu alipomwambia habari za mjomba, na za mama yake aliyekataa kupasuliwa. Mama wa Usingizi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti. Alimwambia kwamba swali lile la ukoo haliulizwi kwa mazoea. Hakuongeza lawama nyingine.

Barafu alitaka kujua kama ndicho kilichomuua mjomba. Alijibiwa kwamba inawezekana, hasa enzi zile, hospitali ndogo, mtu asiyejua ni kwa nini mgonjwa hapumui. Lakini aliyezikwa hapimwi, na yeye hawezi kuapa kwa kitu asichokiona.

"Na mama yangu je? Angepasuliwa akaamka?"

"Mama yako sikumjua. Sehemu moja butu alikuwa nayo, hiyo ndiyo aliyokupa wewe. Ya pili sijui. Kama ilikuwa nzima, dawa ingekawia kidogo tu."

"Na kama angekuwa kama mimi?"

"Kama ningeambiwa, ningetumia dawa nyingine. Zipo." Alisimama, akarudisha kiti ukutani. "Na kama nisingeambiwa, ningekaa naye kama nilivyokaa na wewe."

Barafu aligeukia ukutani. Mkewe, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, alidhani ni kidonda kinamuuma.

*

Majibu ya damu yalitoka baada ya wiki kadhaa, na yalikuwa kama alivyokisia. Mama wa Usingizi alimpa Barafu agizo: popote atakapotibiwa, hata kung'olewa jino, aseme. Watoto wake wasiwe na hofu kubwa, maana kila mmoja ana sehemu butu kutoka kwake na bila shaka nzima kutoka kwa mama yao. Lakini ndugu wa tumbo moja na baba mmoja ndiye wa kuambiwa haraka, kwa kuwa naye huenda alirithi kama yeye.

Barafu alisema dada yake ataambiwa.

Hakuambiwa. Kila asubuhi Barafu alikuwa na jokofu la mtu linalomngoja. Alimwomba mkewe apeleke habari, na mkewe, ambaye kwa kawaida hakuwa mbishi, alikataa. Alisema maneno ya kupika na kupigiana simu anayaweza, haya ya damu si ya mke wa mtu kuyabeba. Kisha akamwambia jambo ambalo alikuwa amelikalia: wifi yake ana uvimbe kwenye kizazi, na amepangiwa upasuaji mwezi ujao, hospitali nyingine.

Siku hiyo Barafu alifunga karakana mapema.

Dada yake alikuwa na chumba cha kushonea sare za shule. Alikutwa amesimama mezani, tepu shingoni, anakata kitambaa cha bluu tabaka kwa tabaka, na mafundi wake wawili wako kwenye vyerehani. Alipoinua macho akamwona mlangoni, mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Aliwaambia mafundi wakanywe chai.

Barafu alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya robota la vitambaa.

"Nimesikia unapasuliwa," alisema.

"Kumbe masikio unayo." Dada aliweka mkasi chini. "Umekuja kunikataza na mimi?"

"Hapana. Nimekuja ili upasuliwe vizuri."

Akamweleza. Yeye ambaye hakuzoea kusema alisema kwa muda mrefu, bila mpangilio: friza la bucha, sauti ya ndoo, kifua kilichopanda bila yeye, mkasi butu, sehemu ya baba na sehemu ya mama. Alimweleza pia kwamba aliulizwa habari za ukoo akadanganya. Dada alisikiliza huku anakunja na kukunjua ncha ya tepu. Barafu alipofika kwenye habari za mjomba, dada aliketi.

"Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kuogopa," dada alisema. Alilisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Barafu angeweza kuishia hapo. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu kaburini, na sasa limetoka kinywani mwa aliyemhukumu. Lakini hakuishia.

"Alikuwa na haki ya kuogopa. Ila angepona," alisema. "Nilimuuliza yule mama. Alisema zipo dawa nyingine. Tungesema tu kwamba mjomba alikufa kwa usingizi, wangetumia nyingine. Mimi sikuuliza. Nilimbeba nikarudi naye nyumbani."

Dada alitazama mlango kwa muda. Nje mafundi wake walikuwa wanacheka kitu.

"Hata mimi sikusema habari za mjomba pale hospitalini," alisema hatimaye. "Niliona aibu. Niliona daktari atatuona washamba."

Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Dada alimuuliza kama kidonda kimepona, Barafu akasema kimepona. Akamuuliza kama bado anabeba majokofu, akasema anabeba, ila sasa anaita mtu. Dada akasema akili ya kuita mtu imekuja baada ya kukatwa tumbo, na wote wawili wakacheka kidogo, kila mmoja anaangalia pengine.

*

Dada alipimwa. Majibu yalionyesha kwamba hana kasoro yoyote: sehemu ya baba nzima, ya mama nzima. Alimpigia simu Barafu mwenyewe, bila kupitia kwa wifi, akamwambia, "Mimi nimechukua mikasi yote ya nyumba, wewe wamekuachia mipini." Barafu alifurahi, na pamoja na kufurahi alisikia upweke mdogo ambao hakuutarajia, wala hakumweleza mtu. Upasuaji wa dada ulifanyika siku yake. Alilala, akaamka, akalalamika kwamba shuka za hospitali zimepindwa vibaya.

Alipopata nguvu, ni yeye aliyesema kwamba mkaza mjomba wao lazima aambiwe, kwa ajili ya watoto wake. Mkaza mjomba, mjane wa yule seremala, alikuwa anaishi mji mwingine na binti yake wa mwisho. Walikwenda pamoja. Walimkuta barazani, mzee sasa, macho yana ukungu lakini masikio makali, anachambua mchele kwenye ungo kwa vidole tu.

Dada ndiye aliyeeleza, maana ana mdomo. Alisema watoto wote wa marehemu wapimwe, kwamba huenda kila mmoja ana sehemu butu, kwamba si hatari kubwa lakini ni vizuri ijulikane. Bibi huyo aliendelea kuchambua. Alipoelewa kwamba wanazungumzia pia kifo cha mumewe, vidole vilisimama.

"Mnasema ni damu," alisema.

"Huenda ilikuwa damu," alisema Barafu.

Bibi aliweka ungo chini. Aliongea bila kumtazama yeyote. Asubuhi ile, alisema, wauguzi walimwonya kwamba mgonjwa asile wala asinywe, kwa kuwa chakula kinaweza kumpanda usingizini kikamziba pumzi. Mumewe alimwomba chai. Alisema ametoka kwenye maumivu usiku kucha, anataka chai tu. Akampa nusu kikombe kwa kificho, nyuma ya mlango. Saa chache baadaye akaletewa mumewe chini ya shuka. Hakumwambia mama yao, wifi yake, aliyekuwa analia kwamba kisu kimemla kaka yake. Hakuwaambia watoto. Aliolewa na chai ile, alisema; ndiye mume aliyebaki naye.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maji. Hakuingia, hakutoka.

"Sasa niambie wewe uliyelala ukaamka," bibi alisema, na uso wake ukageukia upande wa Barafu. "Ni damu au ni chai?"

Dada alifungua mdomo. Barafu alimgusa mkono. Alijua anachotaka kusema, na alijua kwamba kingekuwa uongo wa huruma, kwa sababu yule mama wa hospitali alikataa kuapa.

"Sijui, mama," alisema. "Aliyezikwa hapimwi. Lakini mimi siku ile sikuwa na chai wala maji tumboni, nilikuwa nimetapika vyote. Na pumzi ilikatika vilevile."

Bibi akamwambia arudie. Barafu akarudia, neno kwa neno, kwa sauti ile ile. Bibi akatikisa kichwa mara moja, si kukubali wala kukataa, akanyoosha mkono ukapapasa hewani mpaka binti yake alipokuja akaushika.

Walikaa mpaka wali ulipoiva. Njiani kurudi dada alilala, kichwa kwenye bega la mdogo wake, na Barafu alikaa macho njia nzima bila kusogea ili asimwamshe.